Mtunza mbwa wa Skelgarth ajifunza kunyamaza

Ukungu haujaamua kama unakaa au unaondoka. Umejilaza juu ya bonde la Skelgarth kama paka juu ya kitanda kisicho chake, na humo ndani Isaac Mounsey anapanda mlima na mbwa wanne. Wanakwenda wawili wawili, kila jozi imeunganishwa shingoni kwa mnyororo mfupi. Huwaoni. Unasikia mnyororo tu, na pumzi za mwanamume wa miaka sitini na mbili ambaye goti lake moja limestaafu kabla yake.

"Taratibu, Ruby. Hakuna anayetufukuza," anasema. Halafu, baada ya kuwaza kidogo: "Bado."

Mbwa hawa si wake tena; ni wanne wa mwisho, wenzao aliwarudisha jana. Anawarudisha mashambani kwa watu waliokubali kuwalea, kwa sababu ya kosa alilolifanya jana asubuhi. Watatu watapokelewa bila maneno mengi. Wa nne ni Barmaid, na huko anakokwenda kuna kondoo aliyevunjika mguu na bunduki iliyoegemezwa mlangoni.

Kwa miaka thelathini Isaac ameliongoza kundi la mbwa wa kuwinda la bonde hili. Wanaodhani uwindaji wa Uingereza ni mabwana wa makoti mekundu juu ya farasi hawajauona mlima wa Skelgarth. Farasi akiupanda, hushuka akiwa kitoweo. Huku kaskazini watu huwinda kwa miguu, na koti huwa na rangi yoyote ambayo mvua imeiacha.

Mshahara wake wa mwisho ulikuwa pauni elfu kumi na nane kwa mwaka, pamoja na nyumba, pamoja na mizoga ya kondoo kwa ajili ya mbwa. "Ingawa kuna majira ya baridi tuliyoitazama ile nyama mara mbili," anasema mkewe, Maureen, mwanamke mnene mwenye macho yasiyotulia.

Maureen ana malalamiko yake mengine. Mumewe huota, na akiota huita mbwa. "Miaka thelathini nimelala na mtu anayeita Barmaid usiku," anasema, maana kwa Kiingereza jina hilo ni la mhudumu wa kike wa baa, na kizazi hadi kizazi mbwa jike hurithi jina la nyanya yake. "Mke mwingine angeshafunga mizigo. Mimi nilikwenda bandani kumtazama huyo mwanamke. Nikakuta ana mkia."

Sheria ya kwanza, ya miaka ishirini iliyopita, ilikataza mbwa kumfukuza mbweha. Mbwa hawakusomewa sheria hiyo, kwa hiyo Isaac alianza kuwadanganya. Mtu alitangulia mlimani akiburuta kitambaa kilicholoweshwa harufu, na mbwa wakakifuata kwa furaha ileile na sauti zilezile, zikipanda na kushuka kwenye majabali kama kengele za kanisa lililozama ziwani.

Wapinzani wa uwindaji walisema kitambaa hicho kilikuwa na tabia ya kupita pale mbweha wanapolala. Ukimuuliza Isaac, anautazama mlima kwanza.

"Kitambaa huenda kinakoburutwa," anasema. "Mbwa huenda anakotaka. Sitakuongopea."

Sasa nacho kitambaa kinakwenda kupigwa marufuku. Kamati ya wawindaji haikungoja sheria ifike mlangoni. Mwezi wa nne ilifunga banda, ikamwambia Isaac ahame nyumba kabla ya majira ya baridi. Kuhusu mbwa, ilisema kwamba hawajawahi kulala sebuleni, wala kulala peke yao hata siku moja, na kwamba mganga wa mifugo ameshaulizwa kuhusu sindano ya mwisho.

Ni hapo Isaac alipoikumbusha kamati jambo ambalo kila mtu bondeni alilijua na hakuna aliyelifikiria. Mbwa hawa wana kwao. Desturi ya huku ni kwamba mtoto wa mbwa akiacha kunyonya hupelekwa shamba fulani, akakue miguuni pa mama wa nyumba, aibe viatu na kuchapwa kwa ufagio. Akikomaa anaingia bandani. Lakini kila mwezi wa tano, uwindaji ukisimama, kundi hupelekwa juu bondeni, minyororo inafunguliwa, na kila mbwa anajiendea shambani kwake bila kuonyeshwa njia. Mwezi wa tisa Isaac husimama darajani, anapuliza baragumu lake dogo la shaba, nao wanakuja.

Kwa hiyo aliwaendea wenye mashamba, mmoja mmoja, akaomba kitu kidogo tu: mwaka huu mbwa waende kama kawaida, ila wasiitwe.

Wote walikubali. Kamati nayo ilikubali, kwa sharti. Mbwa atakayerudi bandani, au atakayeonekana akikimbia kati ya kondoo, atapelekwa kwa mganga, na huko hatapewa dawa ya kikohozi.

Miezi miwili ilipita vizuri kiasi kwamba Isaac alianza kuumia. Alifagia banda lisilo na uchafu. Alitembea hadi darajani na kurudi. Maureen anasema alikuwa kama mtu aliyesahau jina la wimbo.

Halafu ikaja jana. Asubuhi ilikuwa nyeupe, haina upepo hata wa kutikisa uzi. Isaac alikuwa mlangoni akilisugua baragumu kwa majivu, kwa sababu shaba isiposuguliwa inakuwa kijani. Akaona vumbi kwenye mdomo wa baragumu. Akapuliza.

"Kulitoa vumbi," anaeleza.

"Vumbi hutolewa kwa mpulizo mfupi," anasema Maureen akiwa jikoni. "Huo ulikuwa mrefu. Nilimaliza kumenya kiazi kizima."

Mtu wa mabonde anapaswa kujua kwamba sauti ndani ya ukungu haipotei. Huteleza chini kwa chini kama maji. Isaac anajua. Alisimama pale na baragumu mkononi, akasikia mlima ukimjibu, akasema moyoni kwamba pengine hakuna aliyesikia.

Walianza kutokea ukungu ulipokuwa bado mzito. Kwanza pua, kisha kifua, kisha mbwa mzima, kama vitu vinavyokumbukwa kidogo kidogo. Ruby. Sailor. Melody na ndugu yake. Walikaa uani, nje ya mlango wa banda, bila kelele, ndimi nje, wakimtazama mtu wao. Wengine walikuwa wamevuka vilele viwili, wengine barabara ya magari ya watalii. Walikuja wote isipokuwa mzee Trimmer, ambaye ni kiziwi tangu mwaka juzi na alikuwa amelala juu ya gunia huko kwao, mwenye akili kuliko wote.

"Nilifurahi," anasema Isaac. Anasema kwa sauti ya chini, huku mkono ukichezea sikio la Barmaid. "Hilo ndilo linalonitia aibu. Nilipaswa kuogopa kwanza. Nilifurahi kwanza."

Hofu ilifika kwa simu. Barmaid alikuwa amekatiza katikati ya kundi la kondoo wa Bi Jessie Rigg, na kondoo jike mmoja alirukia ukuta wa mawe akavunjika mguu.

Bi Jessie ana miaka sabini na tisa. Ndiye aliyemlea Barmaid huyu, na mama yake, na bibi yake. Leo, Isaac anapofika na Barmaid tu, wale watatu wakiwa wameshabaki kwao, amesimama langoni akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, na ukungu umemkata miguu.

"Umekuja kuchukua kondoo mwingine, kijana, au huyu anatosha?"

"Nimemrudisha Barmaid, mama."

"Namwona. Na mguu wa kondoo wangu nauona pia, unachemka na karoti."

Isaac anavua kofia. Anaanza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba mbwa hana hatia, kwamba atafanya kazi hapa bure. Bi Jessie anamwacha aendelee, kama anavyomwacha kuku apige kelele hadi achoke.

"Hakuwafukuza," anasema hatimaye. "Nilikuwa dirishani. Alipita katikati yao kama mtu aliyechelewa kanisani, hakumtazama yeyote. Kondoo ndio waliojitia wazimu. Kamati wakiniuliza, nitasema hivyo." Anaitazama bunduki kule mlangoni, kisha anamtazama mbwa. "Lakini mwakani huenda mimi nisiwepo dirishani. Atakuwepo mwanangu, na yule hujaza risasi kwanza, huuliza baadaye. Mbwa huyu ataishi akikaa. Akikufuata wewe, atakufa. Lete hicho kibati chako."

Isaac analitoa baragumu mfukoni. Bi Jessie anang'oa sufu iliyonasa kwenye miiba ya ukuta, anaishindilia hadi ndani ya baragumu kwa kidole gumba, kisha analitia mfukoni mwa koti la marehemu.

"Sasa nenda. Usigeuke. Usimuage. Usipige hata chafya."

Isaac anamfungua Barmaid mnyororo. Anageuka na kuanza kushuka, na kwa muda yuko peke yake katika weupe ule, hajui juu wala chini. Halafu anasikia nyayo nyuma yake, nyepesi, zinazojua mwendo wake na kusimama anaposimama. Mkono wake wa kushoto unafunguka wenyewe ubavuni, mahali ambapo pua ya mbwa imekuwa ikigusa kila siku. Anaufunga. Anautia mfukoni. Anakwenda.

Nyayo zinakuja tena, chache. Zinasimama. Juu kabisa, mlango unafunguliwa, sufuria inagongwa kwa kijiko, na sauti ya mwanamke mzee inamtukana mbwa kwa upendo mkubwa. Nyayo zinangoja. Kisha zinapanda.

Isaac anapofika darajani ndipo anapokumbuka kupumua.

Kabla ya baridi, yeye na Maureen watahamia mjini, chumba cha juu ya duka la mikate, ambako mbwa hawaruhusiwi. Ameshapata kazi ya kujenga upya kuta za mawe zilizobomoka bondeni. Kuta hizo zinapita kwenye mashamba yote, naye hajifanyi kwamba hakulijua hilo alipoiomba.

Hatawaita. Hatawagusa. Mpango wake ni kupanga mawe mbele ya macho yao, mwaka huu na ujao, hadi awe kitu cha kawaida kama mvua. Anaomba siku moja apite kwa Bi Jessie na Barmaid awe amelala kizingitini kwenye jua, na asiamke kumfuata.

Maureen anamuuliza kama kweli ataweza kuona hivyo na kuendelea na kazi.

Isaac anafikiri. "Ainue sikio moja," anasema. "Moja naruhusu. Mimi si jiwe."