Chokoleti ya Pilipili Manga

Ting', ting', kimya kidogo, halafu ting' tena. Ndivyo kilivyolia kinu cha shaba cha nyanya yangu, na nikiukumbuka mlio ule tu najua ni saa ngapi: alasiri, Idi iko mlangoni, na mtaa wetu wa Mji wa Kale umejaa harufu ya iliki. Mwaka huu shangazi ameniletea ujumbe kwamba tusijichoshe, ataagiza boksi la chokoleti dukani, na kile kinu kikuukuu tuwape watu wa vyuma chakavu. Nilisoma nikacheka, kisha nikaghadhibika. Hebu nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, na ndio mwaka wangu wa kwanza kufunga Ramadhani nzima. Mwalimu wetu wa shule kule Tononoka, mtu wa bara, alikuwa ametufundisha wakati wa Pasaka kutengeneza vitufe vya chokoleti bila moto. Unatwanga biskuti, unachanganya na kakao, siagi na maziwa matamu ya mkebe, unaviringa mkononi, unagaragaza kwenye nazi kavu, basi. Nikaapa kwamba Idi yangu nitaisherehekea kwa vitufe vile, na jirani wataviona.

Nyanya hakuvipenda hata kabla ya kuviona. Alikuwa na msemo wake: tamu isiyopita motoni ni tamu ya mvivu. Yeye alikaanga visheti, akapika mkate wa sinia kwa makaa chini na juu, jasho likimchuruzika mpaka kwenye leso. Alinipa ruhusa nivitengeneze, ila visitoke nje. Sahani iendayo kwa jirani, aliniambia, ndiyo isemayo nyumba yetu ikoje, na hataki nyumba yake isemewe na biskuti.

Alasiri ya mwisho ya mfungo nikashika kinu. Nyanya alikuwa ametoka tu kutwanga pilipili manga ya pilau, akakipangusa kwa kitambaa, maana kinu cha shaba kwetu hakioshwi kwa maji. Nilichungulia ndani nikaona kinang'aa. Harufu je? Jiko zima lilinuka viungo, pua yangu ingejuaje? Nikatwanga biskuti mumo humo. Asiyefunga angelamba kidole akajua. Mimi nilikuwa nimefunga, na hata baada ya kufuturu nilivionea uchoyo, sikutaka kipungue kimoja.

Asubuhi ya Idi nikatumwa kupeleka sahani ya visheti kwa jirani wa nyumba ya mbele. Ulimi wa mama yule ulikuwa ukiogopwa mtaa mzima. Ukimpelekea sahani, hufunua kitambaa kabla hajamaliza kuitikia salamu. Nilipofika ngazini kwake nikasimama, nikatoa vitufe sita nilivyovificha, nikavipanga juu ya visheti. Nilijua nimekatazwa. Nikavipanga vizuri hasa, kisha nikabisha hodi nikampa.

Hata saa haikupita jirani akaja mwenyewe kwetu, sahani yetu mkononi, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu; ukikosa cha kutia, utatia hata sukari. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Akaketi, akapokea kahawa, akamwambia nyanya kwa sauti ya kufika mpaka barazani:

"Shoga yangu, nauliza tu. Chokoleti ilotiwa pilipili manga ni ya kula, au ni dawa ya kikohozi?"

Wageni wakacheka. Masikio yakaniwaka moto, maana papo hapo nikakikumbuka kinu. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni mimi, nilikuwa nimefunga, sikuonja. Nikangoja nyanya aseme alinikataza. Ingekuwa kweli tupu, nyumba ingepona, na mimi ningebaki na aibu yangu.

Nyanya akaniagiza nilete vilivyobaki. Akatia kimoja kinywani, akatafuna polepole, macho yakamlengalenga machozi. Akachukua cha pili.

"Nyumba hii ndivyo tunavyovila," akasema. "Kama vinakuwasha, shushia kahawa."

Jirani akashushia kweli. Na alipoinuka kwenda zake, nyanya akamjazia sahani ile ile vitufe vingine sita, na yeye, wallahi, akavipokea.

Neno likishatoka halirudi. Kila Idi baada ya hapo ilibidi vitiwe pilipili manga, na nyanya mwenyewe ndiye aliyepima. Jirani naye sahani yake ikawa inarudi na mkate wa mayai.

Sasa nyanya hayupo. Jirani alihamia kwa binti yake, ng'ambo ya daraja la Makupa, na nyumba yake imekuwa ya kupangisha wageni wa siku mbili tatu. Sahani hazivuki tena kichochoro. Yanavuka maboksi ya karatasi, ambayo hulazimiki kuyarudisha, kwa hiyo hulazimiki kumwona aliyeyaleta. Wanasema wakati umebadilika. Sawa, ubadilike. Mimi kutwanga sikufundishwa na wakati.

Shangazi sikumjibu. Jana alasiri, mfungo wa mwisho, mvua ya masika ikinyesha na nyumbani sina mtu, nilikishusha kinu kutoka juu ya kabati. Nikakipangusa kwa leso ya nyanya. Nikatia punje saba za pilipili manga, kusudi, nikatwanga kwa nguvu mpaka dirisha la nyumba ya mbele likafunguliwa. Kisha nikamimina biskuti, nikaendelea. Sikuonja.