Mzee Waya na Laini ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Waya, na jina hilo hakupewa na adui. Alilipata kwa jasho. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza juu ya nguzo za simu, mkanda kiunoni, koleo mfukoni, na kaka yake mkubwa kwenye nguzo ya pili akimfokea asichelewe. Leo nguzo nyingi zimeng'olewa, zilizobaki watu wanafungia kamba za kuanikia nguo, na Waya mwenyewe amestaafu. Lakini thubutu kumwambia kwamba simu isiyo na waya nayo ni simu, uone atakavyokugeukia.

"Kitu usichoweza kukishika," husema, "kikiharibika utakitengenezaje?"

Kwa hiyo hata kompyuta yake ilikuwa ya waya. Mwanawe wa mwisho alipohamia mbali kikazi alimwachia mashine kubwa ya mezani, ikawekwa chumba cha uani kwa kuwa mkewe alikataa katakata isikae sebuleni. Ruta, kile kisanduku cha mtandao, ilikuwa huko huko sebuleni. Waya akasema hilo si neno. Akaivuta kebo juu ya milango, akaipigilia misumari midogo iliyonyooka kama mstari wa rula, na ilipoishia njiani nyuma ya kabati la nguo akaiunganisha na kipande kingine kwa mikono yake mwenyewe, uzi kwa uzi, akazungushia utepe mweusi. Siku ile alimwita mkewe aje aone kiungo.

"Nimeona," alisema mkewe. "Mapazia yangu nayo yanangoja fundi kama wewe, yapata mwaka sasa hayajatundikwa."

Mashine hiyo ilikuwa na kazi moja, nayo ni ya Jumamosi. Kaka mkubwa alikuwa sasa anaishi kwa binti yake, safari ndefu kutoka pale, afya imemtupa mkono. Kila Jumamosi akiamka usingizi wa mchana, binti yake humketisha mbele ya kompyuta, na ndugu wawili wakaonana uso kwa uso. Nguvu za Kaka hazikudumu. Baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai kichwa huanza kumwangukia kifuani, na binti humrudisha kitandani.

Sasa kompyuta ya Waya, ukiiwasha, unaweza kwenda kuchemsha hiyo chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ukaikuta bado inazungusha kale kaduara kake. Ikifunguka, mtandao nao unaleta maringo. Kaka anaanza neno, kimya. Uso umeganda. Anaanza tena pale pale mwanzo. "Umekatika, Kaka!" Waya anapiga kelele hadi majirani wanasikia. "Nasema umekatika!" Jumamosi za karibuni waliishia kwenye salamu tu.

Waya hakumwambia mtu, ila aliogopa. Aliogopa Kaka atakufa, na maneno yao ya mwisho yatakuwa "unanisikia?"

Mkewe ndiye aliyemleta fundi. Waya alipopata habari alinuna.

"Mimi niletewe fundi wa waya ndani ya nyumba yangu?"

"Fundi wa kompyuta," alisema mkewe. "Waya zako hakuna aliyezigusa."

Fundi alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya soko, miwani kaipandisha hadi kwenye paji la uso. Alifika Jumamosi mapema, akapiga hodi, akakaribishwa, akaiwasha mashine. Kisha akakunja mikono akaitazama. Hakugusa kitu. Waya amewaona mafundi wengi wanaofungua kabla ya kusikiliza, na huyu alimpenda hapo hapo, ingawa uso alibaki ameukunja vile vile.

"Mzee wangu," alisema fundi, "mashine yako haina ugonjwa. Ila ikiamka, inaamka na ukoo mzima." Akamwonyesha kwenye kioo. Kulikuwa na mchezo wa mpira wa mwanawe, redio aliyoiweka mpwa wa mkewe alipokuja likizo, na programu ya printa iliyokufa zamani. "Kila mmoja anataka aamke wa kwanza, wote wanabanana mlangoni. Hawa tuwaache walale. Ukimtaka mmoja, utamwamsha mwenyewe."

"Walale," alisema Waya.

"Halafu kuna hii. Inatafuta kompyuta nyingine humu ndani. Mnayo?"

"Ilikuwapo. Ya kijana wetu ya mkononi, aliondoka nayo. Aliziunganisha hizi mbili awe anahamisha picha."

"Basi kila ikiwashwa inaipigia ile. Inangoja, haipokelewi, inangoja tena. Ikichoka ndiyo inaendelea na kazi."

Mkewe alikuwa pembeni anakunja nguo. Akaacha. "Tangu kijana aondoke?"

"Kila ikiwashwa, mama."

Waya aliujua mlio huo. Enzi za nguzo waliusikia sana kwenye laini, simu inalia nyumba ambayo wenyewe walishahama, inalia weee mpaka mpigaji akubali kwamba hakuna mtu.

"Ikate," alisema. Kisha akasema, "Ngoja." Kisha akamtazama mkewe, naye akarudia kukunja nguo. "Basi, ikate tu."

Ukabaki mtandao. Fundi alichukua kompyuta yake ndogo ya mkononi, akaichomeka kwenye ruta sebuleni. Mtandao ukaja kama maji ya bomba lililozibuliwa. Akaichomeka kwenye ncha ya kebo chumba cha uani. Mtandao ukadondoka tone tone.

"Iko katikati," alisema Waya. Hakuhitaji kuambiwa. Alianza kuifuata kebo kwa kiganja juu ya milango, fundi nyuma yake, mpaka kwenye kabati. Walilisogeza. Kiungo kilikuwa pale, utepe unang'aa.

"Hapo hapana kitu," alisema Waya haraka. "Hapo nimefunga mwenyewe."

Fundi aliuvua utepe taratibu, kwa heshima, akakitazama kiungo kwa muda mrefu. "Mzee, kwa simu, hiki kingetuzika sote."

"Kwa simu ndiyo kazi yake."

"Lakini humu nyuzi zinakwenda mbili mbili, zimesokotana toka kiwandani. Ukizifumua ili uunganishe, kelele zinaingia. Sauti ya mtu ingepita tu. Kompyuta ikisikia kelele inatupa kila kitu chini, inaokota, inatuma upya."

Waya alikipapasa kwa kidole gumba. Kiungo kile alifundishwa na Kaka, juu ya nguzo, mvua ikinyunyiza. Kaka alikuwa anakivuta kwa nguvu zote, na kikilegea anasema, "Shuka, nenda nyumbani, kesho urudi na mikono." Na jioni laini ikishapona, kila mmoja alibaki juu ya nguzo yake, kilima na bonde katikati yao, na simu ya majaribio sikioni. Kazi imekwisha, lakini hawashuki. Walizungumza upuuzi mtupu, juu ya wasichana, juu ya viatu, juu ya msimamizi na tumbo lake, mpaka giza liwatishe. Waya hajapata furaha nyingine kama ile, na alilisema hilo kwa sauti, pale nyuma ya kabati, mbele ya mama wa watu aliyekuja kutengeneza kompyuta.

Kisha akatoa koleo lake akakikata kiungo mwenyewe. Walivuta kebo mpya aliyokuja nayo fundi, nzima isiyo na kiungo, yeye juu ya stuli, fundi chini akimpa kidogo kidogo.

Saa ya Kaka ilipowadia, mashine ilifunguka kabla Waya hajakaa sawa kitini. Binti wa Kaka akatokea, safi, mpaka hereni zinaonekana.

"Baba mdogo! Leo naziona mvi zako moja moja."

"Zitazame vizuri, ndio urithi wako."

Akasogea, na Kaka akawa pale. Alimtambua. Alitabasamu. "Mdogo wangu," alisema, "unakumbuka ile nguzo ya... ya..." Kimya.

Waya alishafungua mdomo apige kelele. Lakini nyuma ya Kaka pazia lilikuwa linapepea. Mkono wa binti ulikuwa unamweka sawa kola ya shati. Macho ya Kaka yalikuwa yanapepesa, yanatafuta. Vyote vilikuwa vinatembea, isipokuwa neno.

"Unakumbuka ile nguzo ya..." alianza tena Kaka, na akakwama pale pale.

Waya aligeuka kumtazama fundi aliyekuwa anakusanya vifaa vyake. Fundi alitupia jicho kwenye kioo. "Mtandao hauna neno," alinong'ona.

Binti wa Kaka alikuwa anamtazama baba yake mdogo kwa macho ya kumsihi asiulize. Alikuwa anajua. Jumamosi zote zile Waya akipiga kelele "umekatika", alikuwa anajua, na alimwacha apige. Waya akaelewa kwamba si mara zote ilikuwa laini. Alikuwa anamfokea mgonjwa. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Kaka alipangusa paji la uso. Alionekana ana aibu. "Mdogo wangu," aliuliza, "ni mtandao wenu tena?"

Na Waya, ambaye maisha yake yote hajakubali hata mara moja kwamba laini yake ina kasoro, alisema, "Ndiyo, Kaka. Ni huku kwangu. Bado mbovu."

Fundi aliinua kichwa kusikia kazi yake inachafuliwa. Kisha akamtazama Kaka kwenye kioo, akarudi kwenye vifaa vyake.

"Ulifunga vibaya," alisema Kaka, na uso ukamfunguka.

"Nilifunga vibaya, Kaka. Wewe sema tu polepole. Nakungoja."

Kaka akacheka, akajiweka vizuri kitini, akaanza upya kisa cha nguzo ile.