Makala Hamsini na Saba za Kuuza Nyumba Moja

Mwanamke nisiyemjua aliingia nyumbani kwangu Jumamosi asubuhi, akapita sebuleni bila kuuliza njia, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bafu.

Akaupiga teke. Chini, upande wa kushoto.

Mlango ukafunguka.

Siri ya ule mlango tulikuwa tunaijua wanne tu: mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Mama mkwe mwenyewe aliwahi kukwama humo ndani nusu saa nzima, akatoka hasalimii mtu.

"Kumbe kweli!" akasema yule mwanamke, anacheka peke yake. "Na droo ya tatu pale jikoni, bado inagoma?"

Sasa kabla hamjaniita mwongo, ngoja niwaeleze nilivyojitakia.

Kazi yangu ni kuandika vile vijitabu vinavyokuja na pampu za maji. Unanunua pampu, unafungua boksi, unakuta kijitabu, unakitupa. Mimi ndiye ninayekiandika. Miaka kumi na mbili nimeandika "Usiwashe pampu ikiwa kavu", na miaka kumi na mbili watu wanaziwasha zikiwa kavu.

Kwa hiyo mjue mnasimuliwa na mtu ambaye hajawahi kusomwa.

Mke wangu ni muuguzi. Mwaka jana akahamishiwa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Akaondoka na watoto, akapanga chumba kimoja. Mpango ulikuwa mwepesi: mimi nibaki niuze nyumba, halafu niwafuate, tununue nyingine huko huko. Ofisini walishanikubalia kufanyia kazi popote. Pampu haijali mwandishi wake anakaa wapi.

"Miezi miwili inatosha," nikamwambia.

"Mpe dalali, baba watoto."

"Dalali wa nini, na mimi naandika?"

Laiti ningefunga mdomo pale.

Nikafungua blogu. Blogu nzima, kwa ajili ya nyumba moja! Nikaiita Nyumba Yetu Inauzwa, nikaweka picha ya geti na tangi la maji la bluu juu ya paa. Makala ya kwanza niliiandika kama ninavyoandika pampu: vyumba vitatu, sebule moja, jiko moja, bafu moja. Tahadhari: usiegemee ukuta wa nyuma.

Ikasomwa mara nne. Mara tatu nilikuwa mimi.

Makala ya pili nikaamua kusema ukweli kidogo. Nikasimulia mlango wa bafu na mama mkwe. Kesho yake nafungua, watu mia mbili wamesoma. Mmoja ameandika, "Nimecheka mpaka bosi kaja kuniuliza nina nini."

Jamani! Mtu kacheka kwa ajili yangu!

Basi nikashika moto. Nikaandika droo ya tatu. Nikaandika ngazi inayolia ukikanyaga, na jinsi mke wangu alivyonikamata kwayo siku nilipojidai nilirudi mapema. Nikaandika alama za penseli ukutani tulizokuwa tunapimia urefu wa watoto. Hiyo ya penseli, watu walilia kwenye maoni. Mimi nikalia kwa kusoma maoni yao.

Wasomaji wakafika elfu moja. Elfu tatu. Elfu sita.

Nikaanza kutembea tofauti. Sina utani. Nilikuwa nikienda dukani naangalia watu usoni kuona kama wamenitambua. Muuza duka aliniuliza kama shingo inaniuma.

Mke wangu akipiga simu, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mnunuzi?"

"Elfu sita, mama watoto! Elfu sita wamesoma juzi!"

"Nimeuliza mnunuzi."

"Watu wanatuma salamu. Kuna mmoja kasema nitunge kitabu."

"Tunalala watatu kitanda kimoja. Mwanao mkubwa ananipiga mateke usiku kucha, naingia kazini nimechoka. Mdogo kaota meno ya nyuma, wewe hujui."

"Nakaribia," nikasema. "Nakaribia kabisa."

Miezi miwili ilikuwa imekuwa minane.

Turudi kwa yule mwanamke. Alikuwa fundi cherehani, mjane, ana mabinti wawili na mashine nne, na mwenye nyumba anayempangisha alikuwa amempa notisi. Alikuwa amesoma makala zangu zote. Zote! Nilitaka kumkumbatia.

"Umefikaje hapa, dada?"

"Nimetafuta tangi la bluu mtaa kwa mtaa. Siku mbili. Kwenye blogu yako hakuna namba ya simu, kaka yangu."

"Haiwezekani."

"Na bei hakuna."

Nikacheka. Nikatoa simu nimwonyeshe. Nikapekua makala ya hamsini na saba, ya hamsini na sita, nikashuka mpaka ya kwanza. Mtu ambaye kazini huandika mpaka idadi ya skrubu, alikuwa ametangaza nyumba miezi minane bila kuandika bei, bila namba ya simu, bila kutaja hata jina la mtaa.

Nikairudisha simu mfukoni.

"Basi niambie sasa," akasema. "Kiwanja changu nimeshauza, hela iko benki. Kile chumba cha mbele kinapata jua la asubuhi, umeandika mwenyewe. Mashine zangu zinakaa pale. Droo nitaizoea. Bei gani?"

Hapa ndipo naona aibu kuendelea, ila nitaendelea.

Mdomo ulifunguka kutaja bei. Nikakumbuka kwamba nina makala kumi na moja sijaziandika. Ya paka aliyezaa darini. Ya siku bomba lilipopasuka na wageni wako mezani. Nikiuza leo, kesho nitaandika nini? Pampu?

"Dada," nikasema, "nipe muda kidogo. Kuna mambo ya familia hayajakaa sawa."

Familia! Familia iliyobanana kitanda kimoja!

Akaniangalia kama anavyoangalia kitambaa chenye doa. Akaaga, akaenda zake. Mimi nikakaa nikaandika ya paka.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, niko kantini ya ofisini, nikafungua blogu. Maoni mia tatu na kumi na mbili, na nilikuwa sijazoea kuvuka arobaini. Nikasogeza sahani pembeni. Nikamgusa mwenzangu wa kitengo cha michoro, nikamwambia, "Leo utajua umekaa na nani."

Nikasoma kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti.

Maoni ya kwanza yalikuwa ya fundi cherehani: "Mwandishi, paka tumemwelewa. Mimi nilikuja kwako Jumamosi na hela iko tayari, ukaniambia familia haijakaa sawa. Nina wiki tatu nihame ninapokaa. Unauza au huuzi?"

Sauti yangu ikaanza kupungua. Mwenzangu akainama asome mwenyewe ya chini yake.

"Habari zenu. Mimi ndiye mke wa mwandishi, na hati ya nyumba ina majina yetu wawili. Familia imekaa sawa tangu mwaka jana, inamsubiri yeye. Nyumba inauzwa. Bei ni hii hapa na namba yangu ni hii hapa. Dada fundi, nipigie sasa hivi, niko mapumziko. Baba watoto, watoto wanakusalimu."

Mengine yote mia tatu na kumi yalikuwa ya wasomaji wangu. Wasomaji wangu mwenyewe!

"Shemeji kamaliza."

"Mwandishi, toka ulikojificha."

"Shemeji, fungua blogu yako tuhamie."

Mwenzangu wa michoro alicheka mpaka akatokwa machozi. Nusu ya kantini ilikuja kuuliza kuna nini, naye akawasomea. Kwa sauti.

Fundi alikuwa ameshapiga simu. Mke wangu aliomba ruhusa, akawaacha watoto kwa jirani, akapanda basi, akafika Ijumaa. Hakunigombeza. Aliingia, akazitazama zile alama za penseli ukutani, akasema tu, "Mimi pia naipenda nyumba hii. Lakini watoto wako kule." Afadhali angenigombeza.

Nyumba iliuzwa wiki ile ile. Makala zangu hamsini na nane hazikufanya kilichofanywa na mistari yake michache.

Mke wangu akatangulia kurudi; mimi nikapakia, nikasafiri kutwa nzima, nikafika jioni na begi langu begani. Mkubwa akaja mbio akanirukia. Mdogo, wa miaka mitatu na nusu, akasimama nyuma ya mama yake, ameshika sketi.

Nikachuchumaa. Nikanyoosha mikono.

Akaniangalia, kisha akainua uso kwa mama yake.

"Mama, huyu mjomba atalala hapa?"

Mke wangu akamwambia taratibu, "Huyo ni baba." Mtoto akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukataa.

Nilikaa pale chini, mjinga mzima, nikalia mbele ya watu wa nyumba za jirani waliokuwa wanaanua nguo. Ilichukua wiki tatu aje kukaa mapajani mwangu, na alikuja kwa sababu nilikuwa nimeshika biskuti.

Somo langu ni hili, na nimeliandika kama ninavyoandika pampu ili lisimpotee mtu. Ukiuza nyumba, weka bei. Weka namba ya simu. Mnunuzi akija, muuzie, halafu nenda kwa watoto wako siku hiyo hiyo. Mimi nilikawia miezi sita kwa sababu nilipenda kusifiwa, na hiyo miezi sita mwanangu hanirudishii.