Kila Kitufe Kilisema Kulala

Tangu tulipovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, baba yangu aliuza nguo za salaula, yaani mitumba, katika soko la Kashikishi, na alijulikana kwa mdomo wake. Aliita wateja kwa Kibemba, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo cha kujionyesha, akiwa ameinua suruali ya mtumba juu ya kichwa, na watu walicheka hata kama hawanunui. Asubuhi moja alianguka kando ya robota lake. Hospitalini walituambia ni mshipa wa kichwani umepasuka. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa hauna nguvu, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja, “mè,” lile la Kifaransa la kusema “lakini.” Alilitumia kwa njaa, kwa hasira, na kwa kujibu salamu za majirani.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi katika duka la fotokopi, kando ya barabara ya lami ya Nchelenge. Nilichapa barua na vyeti vya watu, na wateja walipopungua nilijifunza peke yangu Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nilikwishajua kutengeneza dirisha na kupanga vitufe ndani yake. Nikawaza kumtengenezea baba programu: picha kubwa kwenye kioo, na akigusa moja, kompyuta iseme kwa niaba yake. Mwenye duka alinipa kompyuta kuukuu iliyovunjika bawaba, ila kioo chake bado kiliguswa kama cha simu.

Nilitaka kurekodi sauti ya jirani yetu mmoja, mwanamume wa umri wa baba. Mama alikataa.

“Mutu mwingine aseme ndani ya nyumba yangu? Hapana. Miye njo najua vile baba yako anasemaka.”

Basi tukarekodi sauti ya mama. Minataka mayi. Minataka kula. Minaumwa. Minataka kwenda inje. Ya mwisho ilikuwa “minataka kulala.”

Mara ya kwanza picha hazikuonekana. Vitufe vilikuwepo, lakini vitupu, rangi ya kijivu, na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Nilihangaika siku nyingi nikidhani picha zenyewe zimeharibika. Kumbe nilikuwa nazifungua ndani ya funksheni, kipande kimoja cha programu, na funksheni ikimalizika, Python huona kwamba hakuna kinachoishika tena ile picha, na huitupa. Nikaifunga kila picha kwenye kitufe chake, na mara zikajitokeza zote: kikombe cha maji, sahani ya ugali wetu wa bukari na dagaa wa chisense, uso uliokunjamana kwa maumivu, mkeka, na ufuko wenye mabwato ya wavuvi uliokuwa picha ya kwenda nje. Baba alipouona ule ufuko alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku hiyo aligusa kikombe. “Minataka mayi,” ikasema sauti ya mama, na mama mwenyewe akaja mbio na kikombe. Baba akanywa, akagusa tena, akanywa tena. Hakuwa na kiu. Alitaka tu kuona mtu anakuja akiitwa.

Kulikuwa na ubaya mmoja. Wakati sauti inatoka, dirisha lote liliganda. Baba alidhani kitufe hakikusikia, akagusa mara nyingi, kisha maneno yakamwagika moja nyuma ya lingine hadi mama akashika kichwa. Nikairudisha kompyuta dukani, nikarekebisha ili sauti icheze pembeni bila kulizuia dirisha. Na kwa kuwa nilikwishaifungua, sikuipenda sura ya programu yangu. Kila kitufe nilikuwa nimekiandika peke yake, mistari ileile ikijirudia. Nikaikusanya yote katika mzunguko mmoja mfupi, unaopitia maneno moja moja na kukipa kila kitufe lake. Ilipendeza. Niliijaribu dukani sauti ikiwa imezimwa, maana wateja walikuwa wamejaa. Kila kitufe kilibonyea, hakuna kosa lililotokea. Asubuhi nikaiweka mbele ya baba, nikaenda kazini.

Niliporudi nilimkuta mama amechoka.

“Baba yako sasa ni wa kulala tu,” alisema. “Niko inje na jungu, nasikia: minataka kulala. Nakuja namulalisha. Anaamuka, tena minataka kulala. Halafu akilala ananikasirikia.”

Nikamwambia kwamba muuguzi alikwishatuonya: ugonjwa huu huleta usingizi na hasira. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho yake tena.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Tulikuwa tumerudi kutoka kanisani, na nilikaa mlangoni, nyuma ya baba, nikimenya mihogo. Nikamwona ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto, polepole, akakiweka sawasawa juu ya kikombe.

“Minataka kulala,” ikasema kompyuta.

Baba alikitazama kidole chake. Akakipangusa kwenye shati, kama mtu aliyekuwa na mafuta mkononi. Akagusa kikombe tena. “Minataka kulala.” Akaurudisha mkono mapajani na kugeuza uso ukutani.

Niliacha kisu, nikagusa bukari, nikagusa ufuko, nikagusa picha zote. Zote zilisema kulala.

“Haiko kosa yenu, baba,” nilimwambia. “Ni mashini. Miye njo niliandika mubaya.”

“Mè,” alisema, bila kugeuka.

Niliichukua kompyuta, nikakaa palepale mlangoni na kuifungua programu. Ndani ya mzunguko nilikuwa nimeandika `lambda: sema(neno)`. Nilifikiri kila kitufe kinabeba neno lake. Lakini kitufe hakikuwa kimebeba chochote. Kilingoja mpaka kiguswe ndipo kiulize neno ni lipi, na wakati huo mzunguko umekwisha kupita, neno lililobaki ni lile la mwisho. Dawa yake ilikuwa herufi chache tu, za kukibebesha kila kitufe neno lake tangu mwanzo: `lambda n=neno: sema(n)`. Nilimaliza kabla mihogo aliyoinjika mama haijaiva.

Nikampelekea. Nikagusa kikombe mbele yake, kikasema maji. Nikagusa ufuko, ukasema nje. Nikaushika mkono wake ili naye aguse, akaukunja. Mama alijaribu, akamwimbia, akamtania kama zamani. Aligeuza kichwa. Tangu siku ile hakuigusa tena ile kompyuta. Nadhani aliamini kwamba baada ya mdomo, kidole nacho kimemwasi, na maelezo yangu yalikuwa huruma tu.

Tulimpeleka ufukweni kwa baiskeli ya jirani, tukidhani ndiko alikotaka kwenda, tukamshikilia huku na huku. Alitazama maji bila kubadilika uso. Labda siku zile hakuwa akiomba ufuko. Labda aliomba chakula, au alikuwa na maumivu mahali ambapo hatukupatafuta. Nilimwuliza, nikimwonyesha picha moja moja. Alifumba macho.

Alifariki mwishoni mwa mvua. Baada ya matanga mama alikuwa akipepeta unga, nami nikikusanya sahani, akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema.

“Ile siku kabla ya ile Jumapili ya mashini, wakati namulalisha, alinishika mukono. Nguvu, na hii ya kushoto. Hakutaka kuniacha. Nikawaza: ni ugonjwa. Nikatosha vidole vyake kwa mukono yangu, kimoja kimoja, nikamufunika.”

Aliendelea kupepeta, nami nikaenda kuosha sahani.