Matete Tuliyong'oa

Juzi nilitoka Kalangalala asubuhi na mapema kwenda kwetu ziwani, kwa sababu kaka alinipigia simu kwamba maji yamebakiza hatua saba tu kufika kwenye kaburi la bibi. Nikadhani anakuza mambo. Nilipofika nikazihesabu mwenyewe, zikawa sita.

Nilikulia hapo, rafiki yangu. Jumamosi hatukugusa nguo za kufua kabla ya kung'oa matete. Bibi alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu yake ndiyo iliyotuamsha. Tukishakula anatugawia majembe. Matete hakuyapenda hata kidogo: yanaficha nyoka, yanaficha mamba, na mgeni akipita anadhani hapakai watu. Tulichimba mpaka mizizi. Tope linanuka, viganja vinachanika, tunanung'unika chinichini asisikie. Lakini tukimaliza, ziwa lote linaonekana kutoka mlangoni kwake, naye anasimama kashika kiuno.

"Wabeja!" anatushukuru. "Sasa panaonekana kuna watu."

Jirani yetu mmoja hakung'oa hata unyasi. Bibi alimwita mvivu, nasi tukamcheka kila tulipokwenda kuchota maji.

Basi kwa jirani huyo ufukwe uko palepale mpaka leo. Kwetu ziwa limeingia, limekula mahali tulipoanikia dagaa na mti wa mpera, na sasa linamtaka bibi.

Pale nilimkuta mhandisi anayejenga ukuta wa mawe, kijana mpole mwenye buti za mpira.

"Shikamoo mama. Mawe peke yake maji yatayachimba kwa chini. Mbele yake tuoteshe matete, mizizi ishike udongo. Kwani ya hapa yaliishaje?"

Niliitikia marahaba, nikaelekea kwa yule jirani kuomba matete ya kupanda. Bibi aliogopa tusiliwe na mamba, na kweli hakuliwa mtu. Nimlaumu? Nijilaumu mimi, mtoto wa miaka minane niliyekuwa nasifiwa?

Binti wa jirani alitupatia vipandikizi vya matete yao. Nikapiga magoti kwenye tope lilelile, nikaanza kupanda. Kila nikishindilia udongo nilijikuta nageuka kutazama mlango wa bibi, ingawa nyumba ina kufuli miaka mingi. Matete haya yakishika, kaburi lake litapona. Na kutoka mlangoni kwake ziwa halitaonekana tena.