Unga wa Mawe Puani mwa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipoanza kutokwa na damu puani, na karibu kila mara ilianzia kwenye kibanda cha babu yake. Huku kijijini Tabaka mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, huchongwa nyumbani. Baba mkwe alichonga sanamu za viboko na visahani tangu asubuhi, mtoto yuko miguuni pake anacheza na vumbi jeupe. Damu ikitoka, mzee alimlaza kichwa nyuma, akachota unga wa mawe na kumsindilia puani. Ilikoma, kwa macho tu. Jioni mtoto aliitapika, nyeusi.

Nilimpeleka zahanati. Daktari akammulika kwa tochi, akasema ngozi ya ndani imekaushwa na lile vumbi, imefanya vigaga, na kigaga kikibanduka mshipa unapasuka. Aondolewe vumbini. Damu ikija ainame mbele, abanwe pua pale palipo laini, asisindiliwe kitu.

Haya. Nani amwambie mzee? Kwetu Wakisii mke wa mwana haingii anapokaa baba mkwe, hamsemeshi ovyo, hamtazami usoni; naye baba mkwe akimwona karibu humpa mgongo. Tunaiita heshima. Mume wangu alikuwa Kericho akichuma majani chai. Nikamwendea mama mkwe, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Mwanangu, mimi nimezaa tisa, wewe umezaa mmoja na cheti cha shule," akasema. "Unga huo umewazibia wote."

Basi nikamfungia mtoto ndani. Alilia mpaka babu akamwita kutoka kibandani, na mama mkwe akaja mwenyewe kufungua mlango.

Baadaye nilikuwa nafua niliposikia sauti ya msasa wa mzee imekoma. Nilijua damu imetoka tena. Nilikimbia hadi mlango wa kibanda, na miguu ikagoma pale pale kizingitini. Usiniulize kwa nini sikuingia. Nimejiuliza kuliko wewe. Ndani mzee amemshika mtoto kidevu, kichwa nyuma, damu inateremkia kooni, mkono wa pili unatafuta unga. Alimshika kwa upole, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilitaka kusema mwinamishe mbele. Badala yake nikabana pua yangu mwenyewe, nikainama, ili aone.

Aliniona. Kisha, kama heshima inavyomtaka, akanipa mgongo, mtoto akiwa bado mikononi mwake, kichwa nyuma vile vile.