Laurentine na Ini la Express

Kwa mujibu wa tangazo lililosomwa redioni mwanzoni mwa Novemba 1991, wiki mbili baada ya askari kupora mji, vituo vyote vya mifugo vya jimbo vilikuwa salama, vina vifaa kamili, na vinaendelea na kazi kama kawaida.

Kazi kama kawaida ilikuwa Laurentine. Daktari wa kituo cha mjini alikwisha kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, koti lake jeupe akalisahau msumarini. Laurentine, muuguzi wa wanyama kwa miaka kumi na tisa, binti wa fundi wa reli, alibaki na sufuria ya kuchemshia vyombo, nusu chupa ya dawa ya usingizi, na uzi. Uzi ulikuwa dini yake ya pili. Kushona alifundishwa na masista wa foyer social, kituo cha kufundishia wanawake kazi za mikono, na tumbo la mbuzi alilifunga kwa mshono ambao ungefaa kitambaa cha meza ya askofu. Kitu kilichounganishwa kwa gundi, kiwe kiti au kiatu, alikiita uongo unaongoja mvua. Alimwambia hivyo hata Mwape, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye aliishi kwa gundi.

Asubuhi moja mzee Ézéchiel, mstaafu wa reli, alimleta mbwa wake Express ndani ya toroli. Mtu aliyepita mbio na bati la wizi alikuwa amemchana ubavu. Nyumba ya mzee ilikwisha kung'olewa mlango na madirisha. Kilichobaki kati yake na barabara kilikuwa Express.

"Mama, huyu njo mulango yangu," alisema.

Ini lilikuwa limepasuka, linavuja damu taratibu. Laurentine alishona kama vitabu vinavyoagiza. Uzi ukalikata ini kama unavyokata bukari ya moto, ugali wa huko. Akashona tena, kwa upana zaidi. Sasa vidonda vikawa vitatu. Mwape, aliyeitwa kushika miguu, akauliza kama hiyo nappe ya meza ya askofu itakwisha leo.

"Mwape, nyamaza."

"Niko nanyamaza, mama. Lakini imbwa iko nakufa."

Akatoa mfukoni kichupa cha ile gundi ya mpakani inayokauka kabla hujahesabu tano. Laurentine alimtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama masikio ya mbwa. Laurentine akakipokea kichupa.

Mwape akaelekeza kwa sauti ya mwalimu: kausha kwanza, tone dogo, usimwage kama pombe. Laurentine alipangusa damu, akakutanisha kingo, akatia tone, na kwa mazoea ya mshonaji anayebana kila pindo kwa kidole, akabana. Damu ikasimama. Kidole nacho kikasimama.

Mwape alimwonya asivute, maana ini litakuja nacho. Basi alikaa hivyo, ameshikamana na mbwa, mzee akiwapepea wote wawili kwa kofia ya reli. Mwishowe Laurentine aliomba wembe, akakata ngozi yake mwenyewe, kipande kama ukucha wa mtoto, kikabaki ndani. Ngozi ya mbwa aliifunga kwa uzi, mshono mzuri kupita lazima, na hakuna aliyemcheka.

Siku ya nne Express alisimama, akala, akaenda kulala pale mlango ulipokuwa. Mzee alikuja na habari hiyo, akashika tu kile kidole chenye bandeji.

Tangu hapo, kila asubuhi alimpitisha Express kliniki, akamwacha kizingitini hadi jioni. Mlango wa kliniki nao ulikuwa umeporwa Oktoba, pamoja na fremu yake.